Picha Ghafi za Kamera: Kutoka Uhariri wa Oflaini hadi Chumba cha Rangi Bila Kupoteza Uzi

Mstari ufuatao unabeba karibu kila jambo litakaloelezwa katika makala hii:

014  A003C007  V  C  14:22:07:11  14:22:11:03  01:03:40:00  01:03:43:17

Kwa asiyeuzoea, mstari huo unafanana na tokeni ya Luku. Kwa mhariri wa filamu, unasema hivi: mkato wa 14 unatoka katika klipu ya 7 ya kadi ya 3 ya kamera A, ni wa picha tu, hauna sauti, na unaingia kwa kukatwa moja kwa moja, uchukuliwe kuanzia saa 14, dakika 22, sekunde 7 na fremu ya 11, yaani saa nane mchana kwa hesabu yetu, hadi sekunde ya 11 na fremu ya 3, kisha uwekwe katika filamu kuanzia dakika ya 3 na sekunde ya 40, kwa kuwa kwa desturi filamu huhesabiwa kuanzia saa 01. Kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 92, chini kidogo ya sekunde nne. Ndani ya mstari huo hamna picha wala rangi. Mna anwani tu, na kusimamia picha ghafi tangu siku ya kupiga hadi siku ya kugredi, yaani kurekebisha rangi za filamu, ni kuhakikisha kwamba anwani hiyo, popote itakaposomwa, inamfikisha msomaji kwenye nyumba ileile.

Tuanze na hilo neno ghafi. Kihisi cha kamera hakioni rangi. Kila nukta yake hupima wingi wa mwanga tu, na ili rangi ipatikane, juu ya nukta hizo hutandazwa vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Nusu ya nukta hupata kijani, robo nyekundu na robo buluu, kwa sababu jicho la binadamu hutegemea kijani zaidi katika kutambua undani wa picha. Kamera ya kawaida hukisia kwa hesabu zile rangi mbili ambazo kila nukta haikuzipima, huweka mizani ya weupe (huamua kipi kihesabiwe cheupe chini ya mwanga uliopo), hubana matokeo na kukukabidhi picha iliyokwisha kupikwa. Kamera inayorekodi ghafi hukukabidhi vipimo vyenyewe, au sehemu kubwa ya vipimo hivyo, vikiambatana na maelekezo: mizani ya weupe iliwekwa wapi, ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kuhisi mwanga, ilikuwa ngapi, na picha isomwe kwa mkunjo gani wa mwanga. Maelekezo hayo hubadilishwa baadaye pasipo vipimo kuguswa. Ni tofauti ya kununua samaki mbichi pale Feri na kununua aliyekwisha kukaangwa; wa pili huliwa upesi, ila hakuna atakayemrudisha ubichi.

Faida hiyo ina mipaka, na wapigapicha wengi chipukizi huisahau. Anga lililoungua kwa mwanga kupita uwezo wa kihisi halirudishwi na muundo wowote wa faili. Vilevile, kamera yenye ISO asilia mbili, kama Pocket Cinema Camera 6K ya Blackmagic yenye 400 na 3200, huamua wakati wa kupiga ni ipi kati ya hizo mbili itumike, na uamuzi huo hautenguliwi mezani. Unachopata hasa ni nafasi ya kufanya kazi: biti 12 hutoa ngazi 4,096 za mwanga kwa kila nukta, ilhali picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu, na pengo hilo huonekana mara tu fundi anapojaribu kuinua uso uliopigwa kivulini. Miundo yenyewe ni mingi, kuanzia REDCODE iliyokuja na kamera ya RED One mwaka 2007, ARRIRAW ya ARRI na Cinema RAW Light ya Canon, hadi ProRes RAW ya Apple na Blackmagic RAW, ambazo zote mbili zilitangazwa mwaka 2018. Haifanani kwa undani, lakini usimamizi wake ni mmoja.

Tatizo ni uzito, na uzito huo tunaweza kuupiga hesabu wenyewe. Kamera niliyoitaja hurekodi fremu yenye pikseli 6,144 kwa 3,456. Zidisha, kisha zidisha tena kwa biti 12, na utapata karibu megabaiti 32 kwa fremu moja. Kwa fremu 25 hizo ni takriban megabaiti 796 kila sekunde, na hata zikibanwa kwa uwiano wa 5 kwa 1 zinabaki karibu megabaiti 159. Saa moja ya picha inakula takriban gigabaiti 573, na kadi ya gigabaiti 256 hujaa kabla dakika 27 hazijatimia. Filamu ya maelezo iliyokusanya saa nane za picha, jambo la kawaida kabisa, itahitaji zaidi ya terabaiti nne na nusu, nayo hiyo ni nakala moja tu. Saa hizo hizo nane zikigeuzwa kuwa ProRes 422 Proxy ya pikseli 1,920 kwa 1,080, ambayo kwa fremu 25 hutumia megabiti 38 kwa sekunde, zinaingia katika gigabaiti 137. Mhariri anaweza kuzibeba kwenye laputopu na kufanya kazi akiwa nyumbani kwake Mbezi, hata siku ambayo umeme umekatika.

Hizo nakala nyepesi ndizo tunazoziita proksi, na kazi inayofanywa juu yake ndiyo oflaini. Istilahi za oflaini na onlaini, ambazo huwachanganya wengi, hapa hazihusiani na intaneti. Zimetoka enzi za kanda za video, wakati mashine za kuunganishia kwa ubora wa mwisho zilikuwa ghali kiasi cha kukodishwa kwa saa, kwa hiyo mhariri alinakili kanda zake kwenye kanda za bei nafuu, zenye msimbo wa muda (ile saa, dakika, sekunde na fremu ya kila picha) uliochapwa juu ya picha, akakata na kuunga huko kwa wiki kadhaa bila haraka, na ndipo alipoingia katika chumba cha gharama akiwa na orodha mkononi. Waliofanya kazi na utepe wa filamu walikuwa na utaratibu huohuo: nakala ya kazi ilikatwakatwa ovyo, huku negativu ikikaa imefungwa mpaka mkata negativu alipoifuata kwa namba zilizochapwa pembeni mwake. Orodha ya maamuzi ya uhariri, yaani EDL, ambayo mstari wetu wa mwanzo umechukuliwa humo, ni urithi wa mashine za CMX za miaka ya 1970, na muundo wake wa CMX 3600 bado unasomwa na programu za leo pamoja na ukale wake wote, ukiwamo ule wa kuwa na nafasi ya herufi nane tu kwa jina la kanda. Hesabu mwenyewe herufi za A003C007.

Sasa tuje kwenye kazi. Hatua ya kwanza ni kunakili kadi, na hapa sitakuwa mpole: kuburuta folda kwa kipanya kutoka kwenye kadi hadi kwenye diski si kunakili, ni kubahatisha. Kompyuta itakuambia imemaliza hata kama faili moja imekatika njiani kwa sababu waya ulilegea au jenereta lilizimika kwa sekunde moja, na utaligundua hilo baada ya miezi miwili wakati kadi imekwisha kufutwa mara kumi. Programu za kunakilia zilizotengenezwa kwa kazi hii husoma faili iliyo kwenye kadi, zikaipigia hesabu ya uhakiki ya MD5 au xxHash, zikasoma tena nakala iliyoandikwa kwenye diski, kisha zikalinganisha namba hizo mbili. Baiti moja ikitofautiana, namba hazifanani na unaarifiwa papo hapo. Nakala zinazokubalika ni tatu, juu ya aina mbili za hifadhi, na moja kati yake ilale jengo jingine. Kwa mradi mdogo, diski mbili za nje na moja anayoondoka nayo mtayarishaji jioni zinatosha, mradi zote zimehakikiwa.

Hatua ya pili ni majina, na hapo ndipo nilipoumia mimi. Tulikuwa Bagamoyo tukipiga filamu fupi kuhusu mafundi wa majahazi, kamera kubwa ikiwa moja, na ndogo ya kuazima ikiwa ya pili. Kamera kubwa ilizipa klipu majina yasiyogongana, kama A003_06141422_C007, ambamo mna kadi, tarehe, saa na namba ya klipu. Ile ndogo, kila kadi ilipofutwa, ilianza upya C0001, na msimbo wake wa muda ulianza sifuri kwa kila klipu. Siku hiyo ilitumia kadi tatu, kwa hiyo tukawa na klipu tatu zenye jina C0012, zote zikianzia 00:00:00:00. Nilipokuwa natengeneza proksi usiku, nilizielekeza zote katika folda moja, kompyuta ikaniuliza nibadilishe faili iliyopo au nibaki nazo zote, nami nikachagua kubaki nazo zote huku nikijipongeza kwa uangalifu. Kompyuta ikaongeza (2) na (3) mwishoni mwa majina. Uhariri ulikwenda vizuri kwa wiki tano. Siku tuliyorudi kwenye faili ghafi, bibi mmoja alikuwa anasimulia jinsi marehemu mumewe alivyochonga mataruma, na pale ambapo tulipaswa kuiona mikono yake, skrini ilituonyesha mbuzi akitafuna ganda la ndizi. Tulitumia siku mbili kutafuta kila mkato wa kamera ile kwa macho.

Dawa ya maradhi hayo ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Kabla ya kupiga, kila kamera ipewe herufi yake na msimbo wa muda uwekwe ufuate saa ya siku, ili klipu mbili za kamera moja zisiwe na muda mmoja isipokuwa siku zikitofautiana. Kila kadi iwe na folda yake, yenye jina lisilojirudia katika mradi mzima, na proksi zake zikae katika folda yenye jina hilohilo. Kamera isiyojua kutoa majina ya pekee isaidiwe siku ileile, kwa kuyabadilisha majina kwenye nakala kabla proksi hazijatengenezwa au, pale ambapo mpangilio wa faili za kamera hauruhusu kuguswa, kwa kuandika jina la kadi katika taarifa za klipu ndani ya programu. Baada ya hapo jina lolote lisiguswe tena hadi filamu iishe, hata kama mwongozaji anaona klipu iitwayo A003C007 haina mvuto na angependa iitwe Bibi Pwani.

Proksi yenyewe inaruhusiwa kuwa na upungufu mwingi. Inaweza kuwa ndogo, imebanwa, hata na rangi zisizo za kutegemea. Isichoruhusiwa ni kutofautiana na mzazi wake katika jina, msimbo wa muda, idadi ya fremu kwa sekunde na urefu. Hitilafu ya fremu kwa sekunde ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu hujificha: faili iliyopigwa kwa 23.976 ikigeuzwa kuwa 25 itacheza bila kigugumizi, lakini kila anwani iliyo ndani yake itakuwa imehama kidogo, na kadiri klipu inavyokuwa ndefu ndivyo uhamaji unavyozidi. Picha za simu zina balaa lake, kwa kuwa simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga na joto vinavyobadilika. Hizo zigeuzwe kuwa na mwendo mmoja tangu mwanzo, na faili iliyogeuzwa ndiyo ihesabiwe kuwa asili. Ninapendelea pia kuchapa jina la klipu na msimbo wa muda chini ya proksi kwa herufi ndogo. Wapo waongozaji wanaolalamika kwamba namba zinawakera, lakini malalamiko hayo huisha siku orodha inapokataa kusomeka na namba zile zikawa ndizo shahidi pekee.

Kuhusu rangi ya proksi, picha ghafi ikisomwa kwa mkunjo wa logi, unaobana tofauti za mwanga na kivuli, huonekana imefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia, na hakuna mhariri anayeweza kuhukumu uigizaji kupitia ukungu huo. Kwa hiyo tunapaka luti, yaani jedwali linaloitafsiri logi iwe picha ya kawaida ya televisheni. Linapopakwa ndani ya proksi moja kwa moja, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni la kiufundi: ikiwa proksi hiyo itachukuliwa kimakosa kuwa faili asili, fundi wa rangi ataipaka luti juu ya luti, na nyuso zitageuka rangi ya matofali. La pili ni la kibinadamu, nalo ni gumu zaidi. Mwongozaji anayeitazama proksi kwa miezi mitatu huipenda, na fundi anapomletea picha iliyo bora atasema kuna kitu kimepotea. Ninavyoona mimi, mpigapicha atumie saa moja ya kuchagua luti inayokaribiana na anachokikusudia kabla proksi haijatengenezwa hata moja, kwa sababu saa hiyo itaokoa siku nzima ya mabishano. Miradi yenye fundi wa data uwanjani hupeleka pia ASC CDL, ambayo ni namba kumi tu kwa kila klipu: mteremko, kiongezo na kipeo kwa kila moja ya rangi tatu, pamoja na ukolezi mmoja. Namba hizo huandamana na klipu hadi chumba cha rangi, na fundi huanza kutoka hapo badala ya kuanzia gizani.

Kisha unakuja mlango wa katikati, ambao ni kufunga picha. Kufunga maana yake ni kwamba hakuna mkato utakaosogezwa tena, na anayesogeza baada ya hapo awe amejua nani atalipa. Mhariri huandaa taimulaini yake, yaani mpangilio wa mikato yote ya filamu ndani ya programu, kwa ajili ya kuondoka nayo: huteremsha mikato yote kwenye tabaka moja pale inapowezekana, huondoa klipu zilizozimwa na zilizofichwa chini ya nyingine, huvunja taimulaini zilizowekwa ndani ya taimulaini, na huandika pembeni kila mahali palipobadilishwa kasi. Halafu hutoa orodha kwa muundo unaofaa: EDL kwa kazi nyepesi, XML kwa wanaotoka kwenye programu za Premiere au Final Cut, AAF kwa wanaotoka Avid. Pamoja na orodha hutoa video nzima ya uhariri, yenye msimbo wa muda wa filamu, iitwayo rejea. Orodha pasipo rejea ni barua bila sahihi.

Katika chumba cha rangi, ambacho siku hizi mara nyingi huwa ni kompyuta moja yenye programu ya kugredi ya DaVinci Resolve na skrini iliyopimwa usahihi wa rangi zake, orodha husomwa huku programu ikielekezwa kwenye faili ghafi badala ya proksi. Resolve ilikuwa ya kampuni ya da Vinci Systems mpaka Blackmagic Design ilipoinunua mwaka 2009, na toleo lake lisilolipiwa ndilo lililowafungulia mlango vijana wengi wa kwetu wanaojiita mafundi wa rangi, wasichanganywe na wale wa kuta. Mikato mingi itakaa mahali pake yenyewe. Matatizo yatatoka kwenye vitu ambavyo orodha haijui kuvisema. Klipu iliyopunguzwa kasi hatua kwa hatua hufika imenyooshwa kwa kasi moja. Picha iliyovutwa karibu hufika na ukubwa wa ajabu, na sababu yake ni hesabu: faili ya pikseli 6,144 ina upana mara 3.2 ya proksi ya 1,920, kwa hiyo programu inayotafsiri asilimia 100 ya proksi kuwa asilimia 100 ya ghafi itakuonyesha pua na jicho moja la mhusika. Hali hiyo hurekebishwa kwa mpangilio wa jumla wa namna klipu zinavyoingizwa katika fremu, si kwa kupunguza klipu mojamoja kama nilivyoona mtu akifanya kwa mikato 400.

Uhakiki wake ni mzuri kuutazama. Rejea huwekwa juu ya taimulaini mpya kwa namna ya kutoa tofauti, ambapo pikseli inayofanana na mwenzake hujifuta na kuwa nyeusi. Kwa kuwa rejea ina luti na ghafi haina, weusi hautakuwa kamili, lakini mkato uliokaa sawa hubaki kivuli tulivu, na uliohama hata kwa fremu moja huonyesha mistari miwili ya kila ukingo, kama mtu aliyevaa miwani ya mwenzake. Filamu huchezwa yote, kwa utulivu, na kila mkato wenye kasoro huandikwa. Ni kazi ya kuchosha, na fundi anayeiruka huja kuambiwa na mtunga muziki kwamba ngoma inalia kabla ya kugongwa.

Hapo ndipo kugredi kunapoanza, na faida ya ghafi inaonekana katika dakika ya kwanza. Fundi huingia kwanza kwenye mipangilio ya ghafi, akasawazisha mizani ya weupe na mwangaza wa klipu za tukio moja, ili bibi aliyeanza kusimulia saa nane na kumaliza saa kumi na nusu asionekane amehama nchi. Klipu za kamera ya pili, zisizo ghafi, huletwa karibu na hizo kwa zana za kawaida, na hapo subira huhitajika zaidi. Nafasi ya rangi ya mradi mzima huamuliwa kabla ya hapo, ama kwa ACES, mfumo wa pamoja wa kusimamia rangi katika filamu, ambao toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2014, ama kwa usimamizi wa rangi uliomo ndani ya programu, na ikishaamuliwa haibadilishwi katikati ya kazi. Kompyuta ikilemewa, ghafi isomwe kwa nusu au robo ya ubora wakati wa kufanya kazi, mradi wakati wa kutoa filamu irudishwe kuwa kamili. Nimewahi kuiona filamu iliyofika kwenye ukumbi ikiwa bado kwenye robo. Waliokaa mbele walidhani projekta ina vumbi.

Filamu ikishatolewa, mtayarishaji ataulizia ni lini diski zinaweza kufutwa ili zitumike kwenye kazi nyingine. Proksi zifutwe, kwani zinatengenezeka upya kwa usiku mmoja. Faili ghafi, faili la mradi, orodha, rejea na nakala kuu ya filamu vibaki, kwenye LTO, kanda ya sumaku ya kuhifadhia data, kwa anayeimudu, au kwenye diski mbili zinazowashwa na kuhakikiwa tena kwa zile namba zilizohifadhiwa tangu siku ya kadi. Kituo cha televisheni kitakapoomba toleo la dakika 26 baada ya miaka miwili, mhariri mwingine kabisa atafungua orodha, atafika mstari wa 014, na A003C007 itamfungukia saa 14:22:07:11.